Siku Tuliyolipwa Bahari

Nilikuwa na sauti. Nilipoinua wimbo kwetu Kwihara, ng'ombe waliokuwa wakinywa maji bondeni waliinua vichwa, na wachungaji wao ni mashahidi, ingawa wengi wameshakufa. Naanza na hili mapema ili msije mkadhani nilidhulumiwa kwa sababu niliimba vibaya. Niliimba vizuri. Nilidhulumiwa kwa sababu nilisema vibaya, na hayo ni mambo mawili.

Nilikuwa manju wa ngoma ya wanawake wanane. Manju ndiye anayetunga wimbo, ndiye anayeuanzisha, na mambo yakiharibika ndiye anayelaumiwa. Ngoma yenyewe, lile pipa la mti lenye ngozi, ilikuwa mali ya shangazi wa mume wangu, ajuza mwenye mikono kama michi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuipiga. Tulicheza kwenye harusi, kwenye mavuno, mtu akiezeka nyumba, mtu akirudi kutoka vitani na miguu yake yote miwili.

Malipo? Tulikuwa tunasema, "Chochote moyo wako utakachokuambia." Ujinga wetu ulikaa hapo. Ngoma inapolia, moyo wa mwenye shughuli unamwambia mbuzi. Ngoma ikinyamaza, unamwambia kuku. Kesho yake asubuhi, akishaona sufuria zilivyobaki tupu, unamwambia asante. Katekista mmoja tulimchezea kutwa nzima, akatulipa kwa kutuombea. Tuliitikia Amina, tukarudi nyumbani na njaa.

Sasa, wakati wa vita vile vya Wazungu nguo zilipotea madukani. Watu walivaa magunia, na usicheke, bibi yako naye alivaa. Vita vilipokwisha kanga zikaanza kurudi, na za kwanza kurudi ziliangukia mgongoni mwa maadui zetu. Hao walikuwa wanawake wa ng'ambo ya bonde, wenye ngoma yao. Kila mavuno tulikutana nao uwanja mmoja, wao upande huu, sisi upande ule, na hakukuwa na mwamuzi. Waamuzi walikuwa miguu ya watu. Umati ukihamia kwako umeshinda, ukikuhama nenda kapike. Mwaka ule wenzetu walikuja wamevaa kanga za aina moja, wote, kama wamezaliwa siku moja. Sisi mmoja ana kaniki, mmoja ana shuka la mumewe, mimi nina blauzi ya gunia la unga yenye alama ya kinu kifuani. Wakatuimbia:

"Magunia yanacheza, nani kayafungua mdomo?"

Umati ulihama wote. Alibaki mume wangu, naye kwa sababu alikuwa amekalia kiti chetu.

Jioni ile shangazi aliniita. Alikuwa anaifuta ngoma yake kwa mafuta, hanitazami.

"Mkamwana."

"Abee, shangazi."

"Mavuno yajayo tuvae sare. Wewe ndiye unayepatana na watu, basi patana. Ukishindwa, ninaye mpwa mwingine, naye ana mke, na mke wake ana koo."

Nilikijua kikoo chake hicho. Kilikuwa cha kuku. Lakini ngoma ilikuwa ya shangazi, na bila ngoma manju ni mwanamke anayepiga kelele shambani.

Kwa hiyo mjumbe alipofika kutoka Usoke nilimkaribisha kama malaika. Alitumwa na nyapara wa reli, mtu wa pwani, Mzaramo, aliyekuwa anasimamia genge la watengeneza njia. Binti yake alikuwa amekaa ndani miezi sita, sasa anatolewa, na Wazaramo hawamtoi mwali kimya kimya. Nyimbo za ndani wangeimba wenyewe, wale wachache waliokuwa huko. Walikosa wachezaji wa uwanjani. Wakati ulikuwa wa palizi, njaa inanusa milangoni, lakini mtu wa mshahara hangoji mavuno.

"Atalipa nini?" nikauliza. Nilijiona mjanja sana kwa kuuliza.

"Doti nane za kanga, za aina moja."

Nilirukaruka uani na mtoto mgongoni. Sikuuliza jambo lingine lolote. Sikumwita jirani aje asikie. Mume wangu alinung'unika kuhusu magugu, nikamwambia magugu hayajawahi kumvika mtu.

Tulipanda garimoshi Tabora, daraja la tatu, na ngoma katikati yetu. Mkata tiketi aliigonga kwa kidole akauliza, "Na huyu mnene?" Shangazi akamjibu, "Huyo ni mume wangu. Ukimpiga tena atalia." Tulifika Usoke tumeshacheka njia nzima, na pengine kicheko hicho ndicho kilichoniharibia ulimi.

Nyapara alikuwa anatungoja kwake, mtu mfupi, mpana, amevaa kofia ya reli yenye beji ya shaba. Kofia ile hakuivua. Nadhani alilala nayo. Watu walijaa uwanjani kutuangalia. Alipoona ngoma yetu inashushwa akapaza sauti:

"Wanyamwezi! Mizigo mpaka leo? Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakafika wamebeba, wakarudi wamebeba. Hamjui kutua?"

Mnaona alivyofanya? Wazaramo na sisi ni watani tangu siku za misafara, babu zetu walipopita kwao na mizigo kichwani. Mtani atakutukana mbele ya mkweo, na atachukua kitoweo kwenye sahani yako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa, utatozwa faini na kuchekwa. Mwenye akili angecheka akanyamaza, akafanya kazi iliyomleta. Lakini umati unanitazama, na mimi ni manju.

"Tumerudi kwa deni," nikasema kwa sauti ile ya ng'ombe. "Babu yako alimwuzia babu yangu bahari. Akamjazia kwenye kibuyu, akapokea pembe nzima. Babu yangu kufika Kwihara, kibuyu kikavu! Imekauka njiani. Leo nimekuja kudai bahari yangu, na siondoki bila bahari."

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Genge la reli lilipiga koleo chini. Nyapara naye alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akauliza, mbele ya wote, polepole:

"Kumbe umekuja kudai bahari?"

"Bahari!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!"

Nami nikajipepea kwa upande wa shuka. Nilijiona nimeshinda.

Tulicheza siku mbili. Siwezi kusimulia tulivyocheza, maana nitajisifu, na kujisifu kutanichukua siku mbili nyingine. Mwali alitolewa amepakwa mafuta anang'aa kama kikaango, amebebwa mabegani, shanga kiunoni mpaka kifuani. Alikuwa mzuri, lakini macho yalikuwa yanafinyika kwa jua kama ya mtoto wa paka.

Asubuhi ya siku ya tatu nyapara alituita. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wanafika saa nne na garimoshi la kutoka Tabora kuja kumwona binti, alitaka tuwe tumeshaondoka uani. Garimoshi letu la kurudi lilikuwa la jioni. Akaleta ungo umefunikwa kitambaa cheupe. Nilishaanza kuhesabu mikunjo ya kanga kwa macho. Akafunua.

Kibuyu.

"Onja," akasema.

Nikaonja. Maji ya chumvi.

"Bahari yako hiyo. Deni la babu nimelilipa, mashahidi hawa hapa. Ulisema huondoki bila bahari. Nenda salama, mtani."

Wale mashahidi wake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikasema, "Na kanga, mtani?" Akakodoa macho. "Kanga? Nani alisikia kanga hapa?" Kweli, nani alisikia? Neno la kanga lilisemwa uani kwangu, na wasikilizaji walikuwa mjumbe wake, mimi, na kuku. Neno la bahari nililisema mwenyewe, mbele ya kijiji.

Na sikuweza kukasirika. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kama unataka kujua uchungu, ni mtu akudhulumu na wewe umshukuru kwa mzaha mzuri.

Tulikwenda kukaa stesheni, wanawake wanane, ngoma, na kibuyu. Mmoja alianza kulia polepole, kwa sababu alikuwa ameshamwambia mama mkwe wake kuhusu kanga. Mwishowe shangazi akafungua mdomo.

"Unajua mke wa mpwa wangu yule mwingine anaweza kuimba asubuhi bila kula?"

"Nimekosa, shangazi."

"Umekosa, ndiyo. Ulimi wako una mbio kuliko garimoshi." Akakitazama kibuyu. "Lakini yeye naye kakosea. Kaondoa jambo kwenye kazi, kalileta kwenye utani. Kwenye kazi angeweza kutufukuza. Kwenye utani, mlango wake uko wazi. Mtani akiona kitu cha mwenzake anafanya nini?"

"Anachukua," tukaitikia wote.

"Anachukua mchana kweupe, watu wakimwona, akicheka. Na mwenyewe?"

"Anakomboa!"

Sijui ni nani wa kwanza kusimama. Najua tulirudi mbio, na njiani tulibishana tuchukue nini. Mmoja alitaka mbuzi, mmoja kitanda. Shangazi akasema mbuzi ataletewa mwingine, na kitanda kitatuvunja migongo, sisi si babu zetu. Akasema, "Kitu gani hawezi kukikosa wakwe wakishuka saa nne?"

Tukatazamana.

Mwali alikuwa amekaa mkekani kibarazani, amepambwa tayari, shangazi zake wa pwani wamemzunguka. Tuliingia uani tunaimba. Wimbo niliutunga kati ya reli na mlango, na bado ni miongoni mwa zile ninazojivunia:

"Tumelipwa bahari, bahari haivaliki,
Tumekuja na wavu, tumchukue samaki!"

Tukamwinua. Wale shangazi zake walidhani ni sehemu ya shughuli, wakapiga vigelegele. Watoto wakafuata, genge la reli likafuata na makoleo, na mwali yupo mabegani kwangu, mzito, mwenye afya, miezi sita ya uji wa kunona. Nilimsikia anacheka juu ya kichwa changu. Baba yake alikuwa anaoga. Tulimsikia anauliza kwa nini kelele zinakwenda badala ya kuja.

Stesheni tulimkalisha juu ya ngoma, tukamnunulia karanga.

"Mwanangu," nikamwambia, "usiogope. Baba yako akileta kanga tunakurudisha sasa hivi."

"Msinirudishe haraka," akasema, mdomo umejaa. "Miezi sita nimetazama ukuta. Nataka nione garimoshi." Akatafuna, akafikiri. "Halafu baba aliniahidi viatu. Na viatu viingie."

Nikampenda hapo hapo.

Nyapara alifika na sabuni masikioni, kofia kichwani. Alikuwa anatembea kama mtu asiyekimbia, maana watu wanamwangalia, lakini miguu ilikuwa inamsaliti.

"Mtani," akasema, anacheka kwa meno ya mbele tu, "umechukua kitu changu."

"Ndiyo, mtani. Kizuri. Tunaondoka nacho jioni."

"Rudisha basi, mzaha umetosha."

"Umekasirika?"

Umati ukaitikia kwa furaha, "Amekasirika! Faini!"

"Sijakasirika!" akapiga kelele.

Na garimoshi likapiga honi upande wa Tabora.

Nilimwona anageuka rangi. Wakwe walishuka, wazee wawili na mwanamke mmoja mrefu, shangazi wa bwana harusi, amevaa baibui, mwenye macho ya mtu anayenunua ng'ombe. Alitafuta watu wa kumpokea. Akaona umati. Akaona ngoma. Akaona mwali juu ya ngoma, anatafuna karanga, anashangilia garimoshi kwa mikono miwili.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Huyu si mkwe wetu? Mbona amekaa juu ya ngoma?"

"Yuko rehani, mama."

"Rehani ya nini?"

"Tumecheza siku mbili kumtoa. Tuliahidiwa kanga. Tumelipwa hiki." Nikampa kibuyu.

Akanusa. Akapiga funda moja, akatema kwenye reli, akapangusa mdomo kwa ncha ya baibui. Akamgeukia nyapara, wala hakupaza sauti.

"Shemeji. Mtu anayelipa ngoma ya mwanawe kwa maji, kijana wetu akimwoa binti yake atapewa nini? Kivuli?"

Nyapara alisema ni utani tu. Yule mama akasema, "Utani ni mzuri sana. Sisi tutangoja hapa mpaka uishe." Akaketi juu ya sanduku lake.

Duka la Mwarabu lilikuwa hatua mia mbili. Sijawahi kuona mtu mpana akienda na kurudi kwa kasi ile. Alirudi na kanga doti nane, nyekundu zenye maua meusi, za aina moja, na viatu vyeupe vya mwali juu yake. Viatu vilikuwa vikubwa. Mwali akasema atakua. Shangazi wetu alikunjua kila kanga, akaitazama dhidi ya jua kama ina tundu, akakunja, ndipo akanipa ishara. Nikambeba mwali mpaka kwao, nikiimba, na safari ile niliimba jina la baba yake kwa heshima zote, maana alikuwa amelipa. Anayelipa anaimbwa. Yule shangazi wa bwana harusi alinipa mkono akaniambia sikioni, "Mwanangu, siku nyingine chukua rehani kabla hujacheza, si baada. Baada utachoka kubeba."

Neno lile ndilo lililonilisha miaka yote iliyofuata, na ndilo ninalowaambia wajukuu zangu wanaoimba kwenye harusi za watu na kurudi na sahani ya pilau. Taja malipo kwa jina lake, mbele ya masikio yasiyo yako. Shika kitu cha mwenye shughuli kabla ngoma haijapashwa moto ngozi ikaze. Na ulimi wako uufunge kamba mpaka mkono umejaa. Mzaha ni chumvi, na wewe hukwenda kule kulipwa chumvi.

Mavuno yakafika. Tuliingia uwanjani wanane wenye kanga nyekundu, na wale wa ng'ambo ya bonde wakakosa wimbo wa kututukana, wakabaki wanasafisha makoo. Umati ulikuwa katikati, unasitasita. Nikavuta pumzi nianze, na mara mtu akaivuta kanga yangu ya juu kutoka nyuma, kwa utulivu, kama anayeanua nguo kambani.

Nyapara. Alikuja kutoka Usoke na genge lake zima. Akaitandika kanga yangu chini, akaikalia.

"Mtani, nilisahau mkeka," akasema.

Nami nimesimama mbele ya dunia nzima na ile blauzi ya gunia, kinu kifuani.

Wale wa ng'ambo ya bonde walianza, "Magunia yanacheza..." Nilimwangalia shangazi. Shangazi aliangalia ngoma yake. Nikacheka. Ilibidi. Nikamwuliza nyapara, "Naikomboaje hii?"

"Kwa jina langu. Uliimba vizuri kule, lakini wakwe ndio waliosikia. Hapa pana watu wengi zaidi."

Nikamwimba. Nilianza na babu yake aliyetia bahari kibuyuni, nikaja kwa mjukuu aliyeitoa tena na chumvi yake, nikamaliza na kofia isiyovuliwa. Genge la reli lilinguruma, likahamia kwetu na mluzi na makoleo, na kelele ikawa kubwa kiasi kwamba waliosimama mbali walikuja kuangalia nani ameuawa. Miguu ni miguu. Walipofika hawakuondoka. Alirudisha kanga yangu, ina vumbi la makalio yake, nikaivaa hivyo hivyo. Shangazi hakunisifu. Alisema tu yule mke wa mpwa wake ana kikohozi.

Mwaka uliofuata nyapara alikuwa anamtoa binti wa pili. Mjumbe yule yule akaja, akaanza, "Doti nane..." Nikamwambia, "Ngoja." Nikaita majirani watano. Halafu nikasema, "Sasa sema. Na ukishasema, nenda kamwambie alete kofia."

Kofia ilikuja na garimoshi, ndani ya kikapu, imefungwa kama mgonjwa. Nyapara hawezi kusimama mbele ya genge bila kofia ya kazi, na hilo nililijua. Tulipofika Usoke alitupokea kichwa wazi, na ndipo tulipofahamu kwa nini haivui. Kilikuwa kinang'aa kuliko mwali. Kanga zilikuwa tayari kwenye ungo, nane, na akaomba kofia yake kabla hata ya kutuamkia.

Nikampa. Alipoivaa, chumvi ikammwagikia usoni mpaka kwenye ndevu.

"Ile bahari ya babu," nikamwambia, "hiyo ndiyo chumvi iliyobaki ilipokauka. Sasa hatudaiani." Shangazi akasogeza ngoma kwenye moto.